Shingo kupinda na kutotulia baada ya kuanza haloperidoli: si jini, na usizitupe dawa

Mkuu wa Newala uliyeuliza hapa jukwaani, swali lako linahitaji jibu refu, maana familia nyingi huku kusini zinakwama hapo hapo. Kwa wanaoingia sasa: mdogo wake Mkuu, kijana wa miaka 22, alianza kusikia sauti na kukosa usingizi. Akapelekwa hospitali, akapewa haloperidoli, dawa ya kutuliza ugonjwa wa akili, miligramu 5 asubuhi na 5 usiku. Siku ya tatu shingo ikapinda upande mmoja, macho yakapanda juu, taya ikakaza. Nyumbani sasa hawaelewani. Mama anasema dawa zinamuua mtoto, wajomba wanasema jini limekasirishwa na dawa za hospitali, na Mkuu anauliza kijana aziache dawa au aendelee.

Shingo ile imepindishwa na dawa. Inatibika leo leo, tena kwa dawa ya bei ndogo. Asirudie kumeza haloperidoli kwa dozi ile ile bila kuonwa, na asizitupe pia.

Wataalamu wanaiita distonia. Haloperidoli inaziba milango ya kemikali iitwayo dopamini kwenye ubongo, na kwa njia hiyo ndiyo inapunguza sauti anazosikia mgonjwa. Lakini dopamini hiyo hiyo, ikisaidiana na kemikali nyingine iitwayo asetilikolini, ndiyo inayoweka misuli sawa. Dopamini ikizibwa ghafla, asetilikolini inatawala, na misuli ya shingo, macho, ulimi na taya inajikaza yenyewe. Vijana wa kiume ndio wanaopatwa zaidi, hasa siku nne tano za mwanzo au dozi inapopandishwa haraka. Wakati huo kijana ana fahamu zake zote: anasikia mnachosema, anaumia, anaogopa. Kumshika watu wanne na kumnyoosha shingo kwa nguvu ni kumuumiza bure.

Mpelekeni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na mbebe pakiti ya dawa mkononi. Hili la pakiti msilidharau. Mhudumu asiyejua kwamba mgonjwa anatumia haloperidoli ataona taya iliyokaza na kufikiria pepopunda, au ataona macho yaliyopanda na kufikiria kifafa. Wa degedege la kifafa kwa kawaida hupoteza fahamu. Huyu anakuitikia kwa macho. Sindano ya promethazini, ile wengi wanaijua kwa jina la Phenergan, miligramu 25 hadi 50 kwenye msuli kwa mtu mzima, mara nyingi huilegeza shingo ndani ya nusu saa. Pasipo na sindano, na kama anaweza kumeza, benzheksoli miligramu 2 hadi 5 inafanya kazi hiyo hiyo ila polepole, kama saa moja. Artane ni hiyo hiyo benzheksoli. Shingo ikilegea, kazi haijaisha: haloperidoli bado imo mwilini na hali inaweza kurudi usiku ule ule. Ndiyo maana benzheksoli huendelea kwa siku kadhaa, na dozi ya haloperidoli inapitiwa upya.

Sauti yake ya kuongea ikikwama, akishindwa kumeza mate, au akianza kupumua kwa kukoroma akiwa macho, ni misuli ya koo imebana. Hapo msingoje asubuhi wala gari la jirani lirudi kutoka mjini. Hospitali, saa ile ile.

Kuhusu wajomba: nawaelewa, na usigombane nao. Mtu aliyeona macho yamepinduka na ulimi umetoka nje ana haki ya kuogopa. Wakitaka kumsomea wamsomee, baada ya sindano, na vidonge viendelee kwa dozi iliyopitiwa upya. Ninachokataa ni kumfunga kamba, kumfungia chumbani na kumfukiza moshi, kumnyima chakula, na kumnywesha mitishamba isiyojulikana juu ya dawa za hospitali. Hayo yanaua.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mwenye mgonjwa alikariri. Maudhi ya dawa za kundi hili yanakuja kwa zamu, na muda ndio unaokuonyesha lipi ni lipi. Misuli kukaza ni saa hadi siku chache. Kutotulia ni siku hadi wiki kadhaa. Kutetemeka na kukakamaa mwili mzima ni wiki hadi miezi. Midomo na ulimi kuchezacheza ni miezi hadi miaka.

Kutotulia ndiko kunakodanganya watu kuliko yote, wahudumu wakiwemo. Kunaitwa akathisia. Mgonjwa hawezi kukaa. Akikaa anapandisha na kushusha miguu, akisimama anahamisha uzito mguu huu kwenda mguu ule, usiku anazunguka uwanja mzima. Ukimuuliza anasema mwili unawaka kwa ndani, au anataka kutoka kwenye ngozi yake. Nyumbani wanaripoti kliniki kwamba "amezidi, hatulii", kliniki inasikia ugonjwa umepanda, dozi inaongezwa, na yeye anazidi kuzunguka. Mduara huu unawafikisha wengine kwenye kutaka kujiua, kwa sababu hali ile haivumiliki.

Kutofautisha kunawezekana. Mwulize: ni mwili unaokulazimisha kutembea, au ni sauti zinazokuamuru? Iangalie tarehe: kuzunguka kulianza kabla ya dawa, au siku chache baada ya kuanza au kuongezewa? Kisha mkalishe dakika tano umtazame miguu. Kama ni akathisia, dawa yake ya kwanza ni kupunguza dozi au kubadilisha dawa, jambo ambalo daktari anafanya. Propranololi ya miligramu 10 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku, husaidia wengi, lakini mwenye pumu asipewe. Benzheksoli hapa haisaidii sana, ingawa ndiyo inayoandikwa mara nyingi.

Kukakamaa kwa polepole ndiko kunakofanya mtaani waseme kijana amefanywa msukule: uso hauonyeshi furaha wala hasira, mate yanamtoka, anatembea kwa kuburuta miguu, mikono haichezi, inatetemeka akiwa amepumzika. Hapa benzheksoli inasaidia, lakini swali la kwanza liwe juu ya dozi. Mtu ambaye hajawahi kutumia haloperidoli kwa kawaida huanzia miligramu 1.5 hadi 3 kwa siku, na wengi hutulia bila kufika 10. Mdogo wako alianza na 10 moja kwa moja. Pengine aliletwa akiwa na fujo na ikabidi, lakini sasa ni haki yenu kuuliza: je, inaweza kushuka? Jueni pia kwamba usingizi na fujo hupungua ndani ya siku chache, ila sauti na fikra za kudhani watu wanamwinda huchukua wiki mbili hadi sita kuisha. Familia ikidai siku ya nne kwamba "bado anasikia sauti, muongezeeni", inachopata ni shingo kupinda bila faida yoyote ya ziada.

Midomo na ulimi kuchezacheza kama mtu anayetafuna asipokuwa na kitu mdomoni huja baada ya matumizi marefu. Huenda isiondoke kabisa, na benzheksoli huizidisha. Kwa hiyo kila miezi michache mwambieni atoe ulimi, mtazame vidole na midomo yake akiwa ametulia. Mkiona chochote, semeni mapema.

Naichukulia homa kwa uzito wa pekee, kwa sababu Mtwara na Lindi malaria ipo na kila homa inapewa jina hilo. Mtu anayetumia haloperidoli, klopromazini, sindano ya mwezi ya dawa za kundi hili au hata dawa mpya kama olanzapini na risperidoni akipata homa kali pamoja na mwili kukakamaa kama ubao, jasho jingi, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa au kuwa kimya kabisa, hiyo inaweza kuwa sumu ya dawa yenyewe, sindromu mbaya ya nyuroleptiki. Si ya kawaida, lakini inaua. Misuli inavunjika, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, figo zinafeli. Kipimo cha haraka cha malaria kifanyike, lakini kikiwa chanya kisiwafumbe macho: mtu anaweza kuwa na vimelea na sumu hii kwa pamoja. Malaria peke yake kwa kawaida haikakamazi mikono kiasi kwamba ukiikunja inagoma. Hapa ndipo mahali pekee ninaposema dawa ya akili isitishwe mara moja, hata kabla ya kufika kwa daktari, na mgonjwa apelekwe hospitali kubwa, iwe Ndanda, Ligula au ile ya kanda pale Mitengo, kulingana na mlipo. Anahitaji maji ya mshipa, kupozwa mwili na vipimo vya figo.

Nikiwa bado kwenye malaria: dawa ya mseto ya malaria na haloperidoli zote zinaweza kuchelewesha umeme wa moyo. Hiyo si sababu ya kuacha malaria bila tiba, ila mwambie mtoa dawa, hasa kama mgonjwa ana tatizo la moyo, anatapika na kuharisha, au anatumia pia amitriptilini. Anayetumia kabamazepini, dawa ya kifafa iitwayo pia Tegretol, ana shida nyingine: inaufanya mwili uvunje mseto haraka, dawa inapungua nguvu na malaria inaweza isipone vizuri. Huyo anaweza kuhitaji dawa nyingine ya malaria, na mhudumu hawezi kujua usipomwambia.

Benzheksoli nayo si ya kuichukulia kama pipi. Haitibu ugonjwa wa akili, inatibu maudhi tu. Inywewe asubuhi na mchana, maana usiku inafukuza usingizi. Inakausha mdomo, inafunga choo, inafanya herufi zionekane ukungu. Kwa wazee inaweza kuziba mkojo au kuleta kuchanganyikiwa. Wapo vijana wanaoitafuta ili walewe, kwa hiyo pakiti ishikwe na mtu mzima. Miezi mitatu ikipita bila misuli kusumbua, mwombe daktari aipunguze taratibu aone kama bado inahitajika.

Na inazuia jasho. Msimu wa korosho ukianza Oktoba, jua likiwa kali na kila mtu yuko shambani anaokota, mtu mwenye benzheksoli au klopromazini mwilini anapata joto ambalo mwili haulitoi. Aokote alfajiri, saa nne awe kivulini, maji yawe karibu. Klopromazini, ambayo ni Largactil, huifanya ngozi iungue na jua kwa haraka: shati la mikono mirefu na kofia pana. Pia inashusha presha mtu akiinuka ghafla, kwa hiyo akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Kupanda mnazi asahau kabisa katika wiki za mwanzo. Mwenye kifafa asipande hata siku moja, wala asiende baharini peke yake.

Msimu huo huo mabibo yanakuwa mengi, na pombe zake, uraka na gongo, zinafuata. Pombe juu ya dawa hizi inalaza mtu kupita kiasi. Juu ya diazepamu au fenobabitoni inaweza kuzima pumzi. Bangi inarudisha sauti hata vidonge vikimezwa vizuri. Mwambieni waziwazi.

Kuacha dawa. Kwa mtu aliyeugua mara ya kwanza, dawa huendelea angalau miezi 12 baada ya dalili kuisha, kisha hupunguzwa kidogo kidogo huku kliniki inamtazama. Tatizo ni kwamba ugonjwa haurudi siku ya pili baada ya kuacha. Mara nyingi hurudi baada ya wiki kadhaa au miezi. Kwa hiyo mtu anaacha dawa, anachangamka, ule uzito wa mwili unaondoka, nyumbani wanasema "mnaona, dawa ndizo zilizokuwa zinamharibu". Miezi mitatu baadaye anaanza kukosa usingizi na hakuna anayekumbuka kuhesabu nyuma. Kukosa usingizi siku mbili tatu mfululizo ndiyo dalili ya kwanza kwa wengi. Mkiiona, msingoje tarehe ya kliniki.

Kama vidonge vinamshinda, ipo sindano ya mwezi, flufenazini au Modecate. Hupigwa ndani sana ya msuli wa kalio, dozi ya kwanza kwa kawaida miligramu 12.5 kumpima, kisha kila wiki mbili hadi nne au zaidi kidogo. Hasara yake ni moja kubwa: ukishaidunga huwezi kuitoa, maudhi yakija yanakaa wiki. Kijana ambaye shingo imeshapinda kwa vidonge nisingemkimbiza kwenye sindano. Hubebwa ndani ya mafuta ya ufuta, na kwa kuwa huku kwetu ufuta unaliwa kila nyumba, anayevimba au kuwashwa akila ufuta atasema mapema kabla hajadungwa.

Olanzapini na risperidoni hazipindishi shingo mara nyingi, na kama zinapatikana mnaweza kuziomba. Zina gharama nyingine. Olanzapini, miligramu 5 hadi 10 usiku, inaleta njaa na unene na inaweza kupandisha sukari: mpime uzito kabla ya kuanza na sukari kila miezi michache. Risperidoni, na haloperidoli pia, zinaweza kuleta maziwa kwa asiyenyonyesha na kukatiza hedhi. Binti asishutumiwe mimba; apimwe, kisha daktari aelezwe. Wanaume zinaweza kuwapunguzia nguvu za kiume, na wengi wanaacha dawa kimya kimya kwa sababu hiyo bila kusema. Ulizeni kwa staha, faragha.

Dada wa Lindi aliyeuliza kuhusu amitriptilini ya sonona: miligramu 25 usiku ni mwanzo tu, huongezwa polepole. Usiihukumu kabla ya wiki nne hadi sita. Ukavu wa mdomo na usingizi wa asubuhi hupungua. Inywe mapema jioni badala ya saa ya kulala. Ikimezwa kwa wingi inavuruga moyo na kuua, kwa hiyo nyumba yenye mtu anayefikiria kujiua isikae na pakiti ya mwezi. Chukueni ya wiki, ifungiwe. Fluoksetini, miligramu 20 asubuhi, ni salama zaidi kwa upande huo, ila wiki ya kwanza inaleta kichefuchefu na wasiwasi, na kwa vijana chini ya miaka 25 mtazameni kwa karibu. Ukishapona sonona, endelea miezi 9 hadi 12 kabla ya kupunguza. Diazepamu isiwe jibu la kukosa usingizi zaidi ya wiki chache. Anayeizoea akiikatiza ghafla anaweza kupata degedege.

Aliyeuliza kuhusu mke wake mwenye kabamazepini na kijiti: kabamazepini inapunguza nguvu ya kijiti na ya vidonge vya uzazi wa mpango. Kitanzi au sindano ya miezi mitatu ni bora kwake. Kama anatumia pia ARV zenye dolutegraviri, CTC (kliniki ya VVU) waambiwe, kwa sababu dozi ya dolutegraviri hubadilishwa kuwa mara mbili kwa siku. Na mwanamke anayeweza kushika mimba asianzishiwe valproeti, dawa nyingine ya kifafa, kama kuna njia nyingine, maana inaharibu uti wa mgongo na ubongo wa mtoto tumboni.

Ramadhani: dozi ya mara moja iwe baada ya futari. Ya mara mbili, futari na daku. Ya mara tatu mkamwone daktari kabla ya mwezi kuandama, wala msiunganishe vidonge wenyewe. Anayetumia lithiamu, dawa ya hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, asifunge bila kushauriwa, kwa sababu ukosefu wa maji unaipandisha kwenye damu hadi kuwa sumu. Diklofenaki na ibuprofeni zinafanya hivyo pia. Tarehe ya sindano ikiangukia ndani ya mfungo, isisogezwe hadi Idi. Muulizeni sheikh wenu. Mashehe wengi hawaoni kwamba sindano ya msuli isiyo ya lishe inafungua.

Mvua. Kati ya Desemba na Aprili njia za Liwale na vijiji vingi vinakatika, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara kuu pale Somanga tuliona mikoa hii inavyoweza kutengwa. Ombeni kuwa na akiba ya wiki mbili zaidi kabla ya mvua hizo. Pesa ya korosho ikiingia, tengeni ya nauli ya kliniki kabla ya mengine. Asiye na uwezo aanzie kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msamaha wa malipo.

Ukienda naye kliniki, Mkuu, beba daftari lenye mambo haya: tarehe aliyoanza kila dawa na dozi yake, siku na saa shingo ilipopinda, saa za usingizi kwa kila usiku, dozi alizokosa, na dawa nyingine zote anazokunywa pamoja na za kienyeji. Daktari mwenye wagonjwa arobaini mlangoni ataamua vizuri zaidi kwa ukurasa huo kuliko kwa maelezo ya watu watatu wanaobishana. Waombe wampime VVU, kaswende na sukari kama hawajafanya, kwa sababu magonjwa hayo nayo yanaweza kuvuruga akili.

Wakimpa dawa mpya, andika hapa jina lililo kwenye pakiti na miligramu zake, tuendelee kutoka hapo.